Mtoto wa mwisho hataki nyumba ya baba: sasa nani anabaki na wazazi Uchagani?

Njoro_ya_Juu (mleta uzi) #1

Wakuu, salaam. Naleta hoja, kila mtu arushe jiwe lake.

Utaratibu wa kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa lenye nyumba ndani yake huku Kilimanjaro, ulikuwa na hesabu zake. Mtoto wa kwanza wa kiume akioa, baba anamkatia kipande. Wa mwisho habanduki: anaoa hapo hapo, anawatunza wazee, na wakishatangulia nyumba na kihamba vinakuwa vyake. Wa katikati wanajitafutia. Ndio waliofungua mashamba ya porini, maduka ya Dodoma na vibanda vya Kariakoo.

Leo panda Kibosho, Uru, Marangu au Rombo. Wa mwisho yuko Dar au Mwanza, mke wake ameajiriwa huko huko. Kihamba bado anakitaka, kulea wazee hataki. Madai yangu ni kwamba familia ya Kichagga haijavunjika kama wazee wanavyolia. Kilichokatika ni kamba iliyounganisha urithi na ulezi. Ardhi inakwenda kwa huyu, kazi inafanywa na yule, na mara nyingi "yule" ni dada aliyeachika au msichana wa kazi kutoka Singida.

Kwa nini imekuwa hivi? Na familia zinazoweza, zinawezaje?

Kahawa_Mbichi #2

Umeanzia mwisho, mkuu. Kilichomshika kijana kihambani ni kahawa, utii ulifuata nyuma. Tangu KNCU, chama chetu cha ushirika wa kahawa, ianze mwaka 1933, miti ya kahawa chini ya migomba ilikuwa inalipa ada, inajenga na inaoa. Mwaka 1989 mfumo wa mgawo wa mauzo wa mkataba wa kimataifa wa kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka dunia nzima. Katikati ya miaka ya tisini wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, na pembejeo za mkopo kupitia chama zikakauka. Kahawa yetu ya arabika bila dawa ya chulebuni na kutu ya majani haikupi kitu. Mkulima akiweka gharama ya dawa pembeni ya bei ya kilo, anaiacha izeeke.

Halafu kuna jambo ambalo wanaume hawapendi kulisema. Kwa desturi fedha ya kahawa ilikuwa ya baba, ndizi na maziwa ya mama. Kahawa ilipokufa, kilichobaki kihambani kinaingiza fedha kwa mama. Baba alibaki na mamlaka ya kugawa ardhi lakini hana senti ya kumshikia kijana. Kijana akaondoka.

Wifi_Mkubwa #3

#1 umeandika "dada aliyeachika" utafikiri ni kreti ya soda tupu imerudishwa dukani. Huyo dada ndiye anayemgeuza mama yenu kitandani. Siku ya mgawo mnashuka na kamba ya kupimia, mnamwambia yeye "ana kwao". Kwao ni wapi, na talaka ameshapewa?

Pima_Kamba #4

Kahawa ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni hesabu ya darasa la tano.

Chukua kihamba cha ekari 1.6, ambacho kwa mlimani ni kikubwa. Ni mita za mraba kama 6,470. Gawa kwa wavulana wanne: kila mmoja 1,600 na ushee. Kila mmoja naye akizaa wavulana watatu, mjukuu anapata kama 540. Mgomba kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu unakula mita za mraba 9, kwa hiyo ni mashina 60 kama hujachimba hata choo. Toa nyumba ya vyumba vitatu, 100. Toa banda la ng'ombe wawili na shimo la samadi, 30. Toa njia na makaburi, 80. Unabaki na mashina 36 hivi. Hakuna mke atakayekubali kuja kulea wakwe kwa mashina 36.

Makaburi msiyadharau. Kaburi lililojengewa na kuwekwa vigae, ukiacha nafasi ya kuzunguka, ni mita za mraba 6 hadi 8, na hakuna wa kulihamisha.

Kosa linalojirudia kwenye ugawaji ni watu kupanda masale ya mipaka kabla ya kutoa njia. Kila mtu anataka kugusa barabara, basi kihamba kinakatwa vipande vya upana wa mita saba au nane kutoka juu hadi chini. Huwezi kujenga ukabakiza nafasi ya kupitisha majani ya ng'ombe. Toeni kwanza njia ya mita tatu na mkondo wa mfongo (mfereji wa maji), viwe vya wote, viandikwe, ndipo mgawe kinachobaki. Wengi hufanya kinyume, na miaka kumi baadaye ndugu hawaamkiani kwa sababu ya njia.

Takwimu_Baridi #5

Kwa wanaopenda namba. Sensa ya 2012 Kilimanjaro ilikuwa na watu 1,640,087. Ya 2022 ni 1,861,934. Ongezeko la asilimia 13.5 kwa miaka kumi. Nchi nzima katika muda huo huo iliongezeka zaidi ya asilimia 37, kutoka milioni 44.9 hadi 61.7. Wastani wa kaya kitaifa umeshuka hadi watu 4.3. Watu wetu wanazaa wachache na wanaondoka. Mila haina haja ya kuuawa na mtu kama hakuna wa kuifuata.

MamaMtori #6

#5 ahsante kwa namba, ila sensa ya 2022 ilihesabu waliolala nyumbani usiku wa kuamkia Agosti 23. Ingefanyika usiku wa Desemba 25 ungepata mkoa mwingine kabisa.

Siwatanii. Mtu anayelala Mbezi miezi kumi na moja, lakini ana chumba chake kwa baba, ndoo zake za kuchachushia mbege (pombe ya ndizi) na ng'ombe aliyemkabidhi mama, ni wa kaya ipi? Karani anamwandika Dar. Ukoo unamwandika Machame. Wote wana haki. Anachosema mleta uzi kwamba wameondoka si kweli kamili. Wengi wana kaya mbili, na mizozo mingi inatokana na kutokukubaliana kaya ipi ni ya kwanza.

Olmotonyi_Juu #7

Huku Arusha tuna yetu. Kwa Waarusha, kama kwa Wamaasai, wa mwisho ni wa mama: anabaki na nyumba ya mama yake na mifugo iliyogawiwa nyumba hiyo. Mzee mwenye wake watatu ana nyumba tatu, na mgawo unaanza kwa nyumba ndipo unafika kwa watoto. Mfumo ule ulikuwa unazuia mke mdogo asile vya mke mkubwa.

Ulipoharibikia ni Sakina, Ngaramtoni, Kisongo na pembezoni kote ambako shamba limekuwa viwanja. Ng'ombe unaweza kuwagawa kwa nyumba, maana wanazaa na kesho yake ni wengi. Kiwanja hakizai. Mzee anauza kipande cha nyumba ya pili ili kusomesha mtoto wa nyumba ya tatu, hakuna anayeandika, na deni hilo la ndani linakuja kudaiwa akishazikwa. Kwa hiyo #2 na #4, hoja zenu za kahawa na ufinyu hazielezi kwetu. Kwetu kilichobadilika ni kwamba ardhi imepata bei.

Kahawa_Mbichi #8

#7 ardhi kupata bei na kahawa kukosa bei ni habari moja ikiwa imevaa mashati mawili. Kihamba kilikuwa kinathaminiwa kwa kinachozalisha, sasa kinathaminiwa kwa kinachouzika.

Olmotonyi_Juu #9

Hapana, mkuu. Kwetu hapakuwa na KNCU na bado wa mwisho ameondoka.

Karani_wa_Baraza #10

Kuna mambo yanasemwa humu kama sheria na siyo. Niyapange.

Wa mwisho hapati kwa kuwa tu ni wa mwisho. Mkifika mahakamani inabidi ithibitike kwamba mzee alimgawia akiwa hai, au aliacha wosia, au mila ya eneo lenu ndivyo ilivyo, au warithi wote wamekubaliana. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 ambalo watu hulitaja kama msahafu lilipitishwa halmashauri kwa halmashauri, si kwa nchi nzima kwa mkupuo. Mtu akikusomea kifungu chake, muulize kwanza kama kinaihusu halmashauri yenu.

Msimamizi wa mirathi si mrithi kwa usimamizi wake. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa na kutoa hesabu. Familia nyingi zinamchagua kaka mkubwa, naye akishapata barua ya uteuzi anadhani amepewa mali. Kwa Mahakama ya Mwanzo, ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa anatakiwa apeleke orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba 5, kisha hesabu ya mgawo kwa Fomu Namba 6. Warithi hawafuatilii. Miaka inapita, jalada limelala, msimamizi ameshauza kona ya barabarani.

Muhtasari wa kikao cha ukoo mahakama huuomba kwa mazoea, na unasaidia kuonyesha kwamba hakuna aliyefichwa, lakini kanuni zenyewe za mirathi hazikuuweka kuwa sharti. Baba mdogo akigoma kusaini, msikae miaka miwili mnambembeleza. Nendeni na cheti cha kifo, barua ya kijiji au mtaa, na majina ya warithi wote, pamoja na wale wa nje ambao mnatamani wasijulikane.

Kuhusu dada wa #3: hoja kwamba mwanamke hauzi wala hamiliki ardhi ya ukoo ilipigwa na Mahakama Kuu Mwanza mwaka 1990, kesi ya Holaria Pastory, mbele ya Jaji Mwalusanya. Mwanamke yule alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza, mpwa wake akapinga. Jaji akasema masharti yanayombana mwanamume ndiyo hayo hayo yatakayombana mwanamke, hakuna ya ziada.

Wifi_Mkubwa #11

#10 ubarikiwe. Nachapisha, nabandika ukutani, mawifi wasome wakija Krismasi.

Pasua_Line #12

Wakuu, huku Moshi mjini, Pasua, Majengo na Njoro, wanaozungumzia kihamba ni wachache. Vijana wamepanga chumba na sebule, wanaishi sogea tukae, watoto wawili, hakuna posa wala barua. Hawa mnawaweka wapi? Wazazi wa upande wa mwanamume wanakuja kula pilau lakini mkwe hawamtambui.

Karani_wa_Baraza #13

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160. Mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wanawajua kama mume na mke, sheria inachukulia kwamba wameoana. Ni dhana inayoweza kuvunjwa kwa ushahidi. Hapo ndipo wengi hujikwaa, wanadhani kufikisha miaka miwili ni kama kupata cheti.

Inavunjwa hivi. Mmoja wao ana ndoa ya Kikristo ambayo haijavunjwa. Au walikuwa wanalala pamoja siku moja moja, kila mtu na kwake. Au majirani wanasema walimjua kama mpangaji. Hata ikivunjwa, mwanamke na watoto bado wanaweza kuomba matunzo na nafuu nyingine kupitia kifungu hicho hicho.

Vinavyosaidia kuthibitisha ni mkataba wa pango wenye majina mawili, kadi ya kliniki ya mtoto yenye jina la baba, barua ya balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa, na jina la mwenza kwenye fomu za kazini. Picha za sherehe ya kuzaliwa mwanasheria wa upande wa pili atazicheka.

Watoto wao wana msimamo imara kuliko mama yao: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto matumizi ya haki ya mali ya mzazi wake.

Mkwe_wa_Mwika #14

Na mahari je? Huku wanasema bila mbege, mbuzi, blanketi na mkaja wa mama hakuna ndoa.

Karani_wa_Baraza #15

Hakuna ndoa kwa ukoo. Kwa sheria, kifungu cha 41 cha sheria hiyo hiyo kinasema kutotimiza mila ya mahari hakubatilishi ndoa. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na mke halali mahakamani na "mgeni" kwa mama mkwe.

MamaMtori #16

Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kihamba kukosa mtu, na naona mnaizunguka. Mnasema kijana wa mwisho hakubaki. Zamani aliyekuwa akilea wazee ni mke wake. Yeye alikuwa anakunywa mbege kwa jirani. Majani ya ng'ombe, maji, kupika, kumwosha mkwe, yote ya mke. Mke huyo sasa amesoma, ana mshahara, na ana sheria. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Lakini kihamba cha baba mkwe si mali ya ndoa. Anaweza kukitunza miaka ishirini akatoka mikono mitupu. Wanawake wameijua hesabu hiyo kabla ya wanasheria. Hawaendi.

Njoro_ya_Juu #17

#16 hii sikuiona nilipoandika. Lakini inaunga mkono hoja yangu: kamba imekatika.

MamaMtori #18

Haikukatika, mkuu. Ilikuwa imefungwa shingoni mwa mtu mwingine.

Mweka_Hazina_wa_Ukoo #19

Turudi kwenye "familia zinawezaje". Nieleze mpango unaodumu na pale unapovunjikia.

Ndugu watano au sita wakitaka kulea mzazi kwa mbali, wasiwe na kapu moja. Mawe yawe matatu kama ya jikoni. Kapu la kila mwezi ni mshahara wa msaidizi, dawa za presha na sukari, chakula, umeme. Kapu la dharura halipungui gharama ya gari kwenda KCMC au Mawenzi na kulazwa siku chache. La tatu ni la nyumba na kihamba: paa, choo, dawa ya migomba, kibarua. Kapu likiwa moja, paa la Desemba linakula dawa za Februari. Kila familia iliyochanganya imefika hapo.

Mchango usiwe sawa kwa sawa. Mwenye mshahara na asiye na kazi wakilipishwa sawa, mwenye kidogo anaanza kukwepa simu, halafu anakwepa na msiba. Wekeni viwango viwili au vitatu. Asiye na fedha apewe zamu: kumpeleka mzee kliniki, kukagua dawa, kulala hospitali. Iandikwe kuwa ni mchango.

Fedha itoke sehemu moja. Tatizo sugu ni yule anayemtumia mama moja kwa moja kwenye simu yake "kumfurahisha". Mama anazigawa kwa wajukuu na kanisani, mwisho wa mwezi mweka hazina anaambiwa dawa zimekwisha.

Msaidizi ana kima chake. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa anayelala kwa mwajiri na 120,000 kwa asiyelala. Hicho kilikuwa kiwango cha chini cha kazi za nyumbani. Mgonjwa wa kitandani si kazi ya nyumbani tu. Anageuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, la sivyo vidonda vinaanza kiunoni na visiginoni. Binti mmoja hawezi kufanya hivyo na kupika na kukata majani. Wekeni watu wawili, au uzeni ng'ombe. Familia zinabadilisha wasichana wanne kwa mwaka zikisema "mabinti wa siku hizi hawafai", kumbe zamu ndiyo haifai.

Wifi_Mkubwa #20

Na dada aliyeachika? Kwenye makapu yako yuko kapu gani?

Mweka_Hazina_wa_Ukoo #21

Swali zuri na wengi hulikimbia. Ndugu anayeishi na mzazi awe na posho kwenye kapu la kwanza, hata kama ni ndogo, na wiki mbili za kupumzika kwa mwaka huku mwingine akija kushika. Asipolipwa kwa fedha atajilipa kwa ardhi, na atakuwa na haki ya kusikilizwa. Kama mmekubaliana ulezi wake utalipwa kwa chumba au kipande, mzee akatamke akiwa na akili timamu, mbele ya halmashauri ya kijiji, kwa maandishi. Maneno ya kitandani yana mashahidi wengi mno.

Fundi_Mchundo_Himo #22

Kuna jambo la nyumba. Mtoto wa katikati anapata fedha, anajenga nyumba ya vyumba vitano kwenye kihamba cha baba, madirisha ya alumini, vigae vya kung'aa. Inakaliwa wiki mbili kwa mwaka. Baba akifa, ardhi bado iko kwa jina la baba, na nyumba iliyojengwa juu yake inaingia kwenye mabishano ya mirathi pamoja na migomba. Risiti za saruji hazikuokoi.

Kabla ya msingi, kipande kikatwe. Mzee aende halmashauri ya kijiji, uhamisho uidhinishwe kwenye kikao, muhtasari usainiwe, kisha omba hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Bila idhini ya kijiji uhamisho wa ardhi ya kijiji unaweza kubatilishwa hata kama kuna karatasi yenye dole gumba. Na mama asaini. Nyumba wanayoishi mume na mke haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa.

Pima_Kamba #23

#22 ongeza: kama eneo limeshatangazwa kuwa la mji, kijiji hakina kauli tena. Pembezoni mwa Moshi na Arusha mipaka ya mji inasogea. Watu wanaendelea kusainishana kwa mwenyekiti wa zamani wa kijiji, karatasi haina nguvu.

Nyanya_wa_Kirua #24

Mmeacha Ukimwi. Nchini mgonjwa wa kwanza aliripotiwa Kagera mwaka 1983, na miaka ya tisini ugonjwa ulichukua vijana wa mlimani waliokuwa na biashara mijini. Dawa za bure zilianza kutolewa mwaka 2004. Katikati hapo kizazi kizima cha kulea kilitoboka. Bibi na babu wakalea wajukuu. Wajukuu hao sasa wana miaka thelathini na kitu, ndio walioshika kihamba. Si wa kwanza wala wa mwisho, ni mtoto wa marehemu.

Hapo ndipo kesi za leo zilipo. Baba wadogo wanarudi na pensheni, wanamwambia mjukuu "wewe ulikuwa mlezi tu". Mjukuu anasimama mahali pa mzazi wake aliyekufa, na fungu la mzazi huyo lazima lihesabiwe. Mkigawa bila kulihesabu, mnagawa upya baada ya miaka mitano, mkiwa na mawakili.

Takwimu_Baridi #25

#24 inaeleza familia nyingi, lakini Kenya na Uganda walipata Ukimwi pia na mila zao za urithi ni tofauti. Sidhani inabeba hoja yote.

Nyanya_wa_Kirua #26

Sikusema inabeba yote. Nimesema mmeiacha.

Mtumishi_wa_Halmashauri #27

Kuna familia mpya inayochorwa kwenye fomu za bima. Kadi ya mtumishi iliyozoeleka ilikuwa na mwenza na wategemezi wanne. Mtu mwenye watoto watatu anabakiwa na nafasi moja. Baba, mama, au mama mkwe? Hapo ndipo utajua nani ni ndugu.

Ndugu wakiwa watumishi wawili au watatu, kaeni chini kabla ya kujaza. Mmoja amchukue baba, mwingine mama, wa tatu aweke watoto wa dada kama utaratibu unaruhusu. Kila mtu akijaza kimya kimya, wazazi wanaandikwa mara mbili au hawaandikwi kabisa. Hakikisheni pia jina la mzazi kwenye kitambulisho cha taifa linafanana na lililo kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Wazee wetu wana jina la ubatizo, la nyumbani na la ukoo, na kila karatasi imechagua lake.

Mkwe_wa_Mwika #28

Hapo kwa mama mkwe naona mnataka kuvunja ndoa za watu.

Wifi_Mkubwa #29

#28 kuvunja ndoa si rahisi hivyo. Karani, mweleze.

Karani_wa_Baraza #30

Kwanza miaka miwili tangu kufunga ndoa ipite, au upate kibali cha mahakama. Kisha baraza la usuluhishi, la kata au la dhehebu, lishindwe kuwapatanisha na kutoa cheti, Fomu Namba 3. Ndipo talaka. Maombi mengi yanatupwa kwa sababu mtu ameleta barua ya mchungaji akidhani ndiyo cheti cha baraza.

Njoro_ya_Juu #31

Tunachepuka, ila ni sawa. Swali la mwisho kwangu: wosia. Wazee wanasema kuandika wosia ni kujiita kaburini.

Karani_wa_Baraza #32

Wosia wa kimila ulioandikwa: mwosia anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili wanaojua kusoma, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua, mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Anayerithi asiwe shahidi, kosa hili linaua wosia nyingi. Tarehe iwepo, sahihi au dole gumba, na wake wawepo. Unaweza kuutunza RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Ukitaja kipande, taja na mipaka yake kwa majirani wa pande nne. "Kile cha chini" hakimtambulishi yeyote, kila mtoto ana cha chini chake.

Olmotonyi_Juu #33

Na mzee mwenye nyumba tatu aandike wosia mmoja au mitatu?

Karani_wa_Baraza #34

Mmoja, wenye nyumba zote tatu ndani. Akiandika mitatu kwa tarehe tofauti, wa mwisho unafuta iliyotangulia pale inapogongana, na wa mwisho kwa kawaida umeandikiwa nyumbani kwa mke mdogo.

Wifi_Mkubwa #35

🤣🤣 Nimekaa pale, naangalia.

Kahawa_Mbichi #36

Bado nasema ni kahawa.

Pasua_Line #37

Karani, moja la haraka. Tangazo la mirathi limebandikwa Mahakama ya Mwanzo, kwenye orodha ya warithi watoto wa nje hawapo. Wafanye nini?

Karani_wa_Baraza #38

Pingamizi kwa maandishi kabla msimamizi hajateuliwa, likiwa na cheti cha kuzaliwa au mashahidi kwamba marehemu aliwatambua. Akishateuliwa, njia ni kuomba uteuzi utenguliwe au orodha irekebishwe, na hapo muda na nauli vinaongezeka. Waende na nakala ya tangazo, wapige picha ikiwa bado ukutani.